Risiti Hazisemi Kwamba Huwezi Tena Kusonga Ugali

Wengi wanaofika kituoni kwetu kuomba msaada wa kisheria baada ya ajali huja na bahasha. Ndani mna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, karatasi ya kuruhusiwa wodini, picha ya eksirei na risiti za dawa. Nikiwauliza, "Na nyumbani mambo yamekuwaje tangu siku ile?" husita, kana kwamba nimetoka nje ya kesi. Kumbe hapo ndipo kesi yenyewe ilipo.

Chukua mfano wa mama lishe aliyegongwa na bodaboda akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa umeunga, hogo la plasta limetolewa, na karatasi ya daktari inasema amepona. Lakini mwiko haumkai tena mkononi, ugali wa wateja anasongewa na mdogo wake. Mtoto wa miaka miwili anamnyooshea mikono naye anaogopa kumnyanyua. Akisujudu, kiganja hakibebi uzito. Usiku wa baridi mkono unamwamsha. Kati ya hayo yote hakuna hata moja lenye risiti.

Sheria yetu ya Tanzania inagawa madai ya fidia mafungu mawili. Fidia mahsusi ni ya fedha zinazohesabika: matibabu, nauli za kwenda kliniki, kipato kilichopotea. Hiyo lazima itajwe kiasi chake katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, kwa hiyo risiti zitunzeni. Fidia ya jumla hukadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe, na humo ndimo yanamoangaliwa maumivu, mateso na kile wanasheria wanachokiita kupoteza raha za maisha. Mimi neno hilo "raha" silipendi. Linawafanya watu wadhani ni anasa, kumbe ni kuchuchumaa chooni bila kushikwa, kupanda daladala, kucheza ngoma kwenye harusi ya dada yako.

Jambo hili lilipata uzito mkubwa Uingereza mwaka 1963. Mwanamke aliyeumia vibaya ubongo katika ajali ya barabarani alikuwa hawezi kusema, na hakuwa anaelewa vizuri hali yake. Upande wa wadaiwa ulidai kwamba asiyejua alichopoteza hastahili fidia kubwa. Mahakama ya juu kabisa ya huko, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilikataa hoja hiyo: raha za maisha zimepotea hata kama mwenyewe hajui, na fidia yake ya pauni 17,500 ikabaki. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini mfumo wetu wa sheria umetoka katika mkondo huo huo.

Mahakama hujua yale inayoambiwa tu. Ndiyo maana nawasihi waliojeruhiwa wanunue daftari la kawaida la shule. Andika tarehe, ulichoshindwa kufanya, na aliyekusaidia. Usiandike "naumwa sana". Andika "leo nimeshindwa kufunga vifungo vya gauni, binti amenifunga." Huyo binti, au jirani anayekuchotea maji, anaweza kuwa shahidi. Usiongeze chumvi: wakili wa upande wa pili akikukamata kwenye jambo moja dogo, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. Kama mgongo ulikuwa unakusumbua kabla ya ajali, sema.

Ukienda kliniki, mweleze daktari kazi unayofanya na kilichokushinda, kisha umwombe aandike kiungo kinakunja kiasi gani na kama kuna ulemavu wa kudumu. Neno "amepona" peke yake limewaponza wengi.

Aliyeumia kazini ana njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2008. Ni msaada mkubwa, na taarifa itolewe mapema. Ila mafao yake ya ulemavu hufuata mshahara na kiwango cha ulemavu. Hayapimi huzuni ya fundi seremala asiyeweza tena kumfundisha mwanawe kazi.

Dereva akitozwa faini katika kesi ya trafiki, fedha hiyo inakwenda serikalini. Fidia yako ni dai jingine, na kesi ya kudai fidia ya madhara uliyopata hufunguliwa ndani ya miaka 3. Jueni pia kwamba hata bima ndogo ya gari au pikipiki hukatwa kwa ajili ya watu kama ninyi, mliogongwa.

Linaloniumiza zaidi ni kumalizana. Ndugu wa dereva wanakuja na laki mbili na karatasi iliyokwisha andikwa, wazee wanasisitiza amani, mgonjwa anasaini akiwa kitandani. Amani ni njema na fedha ya matibabu inahitajika, basi ipokee, lakini karatasi iseme ni ya matibabu tu. Wiki ya pili baada ya ajali hata daktari bado hajui kama kidole gumba kitakunja tena.