Kichwa cha kitanda kisichopasuka

Vitanda vingi ninavyoletewa kutengeneza vina matendegu mazima na chaga nzima. Kilichoharibika ni ubao wa kichwani: umepasuka kufuata nyuzi zake, ufa unaoingiza ukucha. Mbao yenyewe huwa nzuri, pengine mninga safi. Tatizo ni kwamba imepigwa gundi na misumari pande zote nne, ikabanwa isicheze. Na mbao lazima icheze.

Mbao hunyonya unyevu wa hewani na kuutoa. Masika ya Tanga huvimba, kiangazi cha Dodoma husinyaa. Kwenye urefu hutaona tofauti. Mchezo wote uko kwenye upana. Ubao wenye upana wa nusu mita unaweza kuongezeka au kupungua milimita kadhaa, na ukiuzuia, utapasuka wenyewe au utaachanisha viungo.

Ndiyo maana mimi hutengeneza fremu, kisha ubao wa katikati nauacha huru ndani yake. Kwa kitanda cha tano kwa sita, matendegu ya kichwani yawe inchi 3 kwa 3, kimo sentimita 120 hivi. Kabla hujakata, pima na unene wa godoro. Godoro la inchi 10 humeza sehemu kubwa ya kazi yako, na mtu akitaka kuegemea asome, kichwa kifupi kitamfika kiunoni tu.

Mbao za kulala, juu na chini, ziingie kwenye matendegu kwa ulimi na tundu: ncha ya mbao inachongwa nyembamba, ikaingia kwenye tundu la tendegu. Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao, uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana mno. Hapa ndipo gundi inapohitajika, na ni hapa tu. Kisha chimba mfuo, yaani mfereji mwembamba, wa kina cha milimita 12 kuzunguka fremu yote kwa ndani. Ubao wa katikati, nyuzi zikiwa zimelala, uingie milimita 9 juu na 9 chini. Zile 3 zinazobaki kila upande ndizo nafasi yake ya kuvimba. Usitie gundi humo hata tone.

Kuhusu mbao, mninga wa Tabora au Katavi ndio chaguo langu, kwa sababu ukishakauka hautembei sana na unapokea randa vizuri. Tumia kiini chekundu. Ule ukanda mweupe wa pembeni ukate wote, hata kama unaumia roho kuutupa. Bungua, mdudu mla mbao, huanzia hapo, na unga wake utadondokea kwenye mto wa kulalia. Mbao ilalie kwanza ndani ya nyumba wiki kadhaa, imetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Na unapopiga msasa vaa barakoa, tafadhali: vumbi la mninga huwasha pua, na wapo linaowabana kifua kabisa.

Msasa anza namba 80, kisha 120, 180, umalizie 220, daima kufuata nyuzi. Ukivuka nyuzi hutaona kitu mpaka vanishi ikauke, hapo mikwaruzo itajitokeza yote. Kabla ya 220, pitisha kitambaa chenye unyevunyevu, acha ikauke. Vinyweleo vitasimama, uvikate.

Ubao wa katikati upake vanishi kabla ya kuufunga kwenye fremu, pamoja na kingo zitakazofichwa. Usipofanya hivyo, ukisinyaa utachomoza mstari mkavu usio na rangi kando ya fremu, na hakuna brashi itakayoufikia. Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi, umechanganywa na tina kiasi (kile kimiminika cha kuzimulia rangi), unyweke. Mikono miwili au mitatu inayofuata uwe unapitisha msasa 320 katikati. Upande wa nyuma upate mikono ileile kama wa mbele. Upande mmoja ukiwa mtupu hunywa unyevu zaidi na ubao hupinda. Ukitumia laka ya kupuliza badala ya vanishi, usiipulize siku ya mvua, itageuka weupe kama ukungu.

Wanaopenda mafuta ya kitani, matambara mliyofutia yaanikeni yametandazwa nje. Yakirundikwa hujipasha moto yenyewe na kuwaka.

Mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni mwa kitanda, ifungwe kwa bolti, mbili kila tendegu, ili kitanda kifunguke siku ya kuhama. Na kiache vidole viwili kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua.