Mbona muziki unakimbia hivi? Kutoka reivu ya Uingereza hadi disko vumbi la Muheza

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ambaye nimefunga muziki kwenye harusi za watoto wake watatu, alinifuata kwenye mikseta usiku wa kuamkia ndoa ya kitindamimba wake. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa ameshapandisha singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar, hadi mapigo 240 kwa dakika, mabinti wamejaa uani hapapiti mtu. Mama akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mbona huu muziki unakimbia hivi? Unafukuzwa na nani?"

Nikamwambia, "Mama, nitakuja mchana nikueleze." Siku ya tatu nilikwenda, nikamwamkia, tukanywa chai na vitumbua, nikaanza kueleza. Chai iliisha maelezo hayajafika nusu. Swali lake lilikuwa zito. Muziki wa mkesha hufukuzwa kweli, na ukifuatilia umefukuzwa wapi na umekimbilia wapi, unaanza kuelewa kwa nini umebadilika sauti. Hayo mengine yaliyobaki nayaandika hapa.

Mimi ni fundi mitambo, makazi yangu Ngamiani. Tangu ujana nafunga spika, natembeza jenereta, nachoma waya zilizokatika. Upande wa pili nimekuwa mfuatiliaji wa muziki wa mkesha wa Ulaya, ule unaoitwa reivu, tangu baharia mmoja aliponiachia kanda mbili bandarini. Sikujua ni nini. Nilisikia ngoma tupu, besi, na sauti ya mashine inayolia kama mlango wenye kutu, dakika 45 bila mtu kuimba. Nikazisikiliza mpaka utepe ukalegea.

Wengi wanadhani reivu ni kitu cha Wazungu. Mizizi yake iko Chicago na Detroit, kwa vijana weusi. Huko Chicago palikuwa na ukumbi ukiitwa Warehouse, na Frankie Knuckles alianza kupiga santuri pale mwaka 1977. Jina la muziki wa hausi limetokana na ukumbi huo. Detroit walikuwapo Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, marafiki waliosoma pamoja nje kidogo ya mji, ndio walioweka misingi ya tekno. Mji wao ulikuwa wa viwanda vya magari, na viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mara mbili mji unakuwaje kazi kubwa ikianza kuondoka.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna mashine moja ninayoipenda. Roland, kampuni ya Japani, ilitoa kijimashine kiitwacho TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, kimpigie besi. Kazi hiyo kiliishindwa kabisa, hakikufanana na besi hata kidogo. Mwaka 1984 wakaacha kukitengeneza, kikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture wakakipata, wakaanza kuzungusha vitufe vyake huku kinapiga, jambo ambalo aliyekiunda hakulitarajia. Sauti ikawa inakunjika, inafoka, inalia. Mwaka 1987 ilitoka "Acid Tracks", na kutoka hapo ikazaliwa asidi hausi, ndiyo hiyo ya mlango wenye kutu niliyoisikia kwenye kanda ya baharia.

Sasa tazama Dar es Salaam. Vikundi vya mchiriku vya uswahilini vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine mtoto hununuliwa kuchezea, wakavichomeka kwenye amplifaya za kuungaunga na spika za honi, wakapiga hadi asubuhi pamoja na ngoma za Kizaramo. Hawakuwasiliana na mtu wa Chicago. Walifanya vile vile kwa sababu ile ile: mashine ya bei rahisi imeangukia mikononi mwa mtu mwenye kipaji. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema singeli, mtoto wa mchiriku, ni makelele ya vijana wasiojua muziki. Ukoo wake ni mrefu.

Turudi Uingereza. Kiangazi cha 1988 vijana wa London na Manchester walikesha kwa maelfu katika maghala matupu. Mwaka uliofuata mikesha ikasogea kwenye mashamba kandokando ya barabara kuu ya M25 inayoizunguka London. Siri yake ilikuwa simu: namba inatolewa, unapiga kutoka kibanda cha simu, unaambiwa mahali pa kukutana, ukifika pale ndipo unaelekezwa shamba lenyewe. Polisi wakifika, watu wameshafika elfu kumi, utamfukuza nani? Serikali ikajibu kwa sheria. Mwaka 1990 faini ya kuendesha burudani bila leseni ilipandishwa hadi pauni 20,000, na kifungo juu yake. Mei 1992 watu kati ya 20,000 na 40,000, kwa makadirio yanayotajwa sana, walikusanyika Castlemorton, uwanda wa wazi magharibi mwa Uingereza, wakakaa karibu wiki nzima. Hapo subira ikaisha. Sheria ya mwaka 1994 ikawapa polisi uwezo wa kutawanya watu 100 au zaidi waliokusanyika usiku mahali pa wazi, na ikaeleza muziki unaokusudiwa: sauti zenye mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo. Bunge limekaa, limeandika mapigo ya ngoma ndani ya sheria. Mwaka 2003 idadi ikashushwa hadi watu 20.

Dawa za kulevya zilikuwapo kwenye mikesha ile, na vijana walikufa. Sifichi, na sisi wa Tanga tumezika wa kutosha kwa dawa za kulevya kiasi kwamba sina moyo wa kulipamba jambo hilo. Lakini sheria ilifukuza mahali pa kuchezea, na mahali ndipo penye habari yangu, kwa hiyo nitaieleza kama fundi.

Ukipiga kiki moja, yaani pigo zito la ngoma kubwa, kwenye ghala la bati na zege, sauti haiishi pale pale. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga paa, inarudi. Inaweza kuchukua sekunde mbili kunyamaza. Hausi hupigwa kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika, yaani kiki moja kila nusu sekunde. Kati ya kiki na kiki kuna nafasi, na mwangwi wa ghala unaijaza nafasi hiyo, unasikia kama jengo lenyewe linapumua. Sasa leta singeli ya mapigo 250 ndani ya ghala hilo. Kiki zinapishana kwa chini ya robo sekunde. Ile ya kwanza haijanyamaza, nane zimeshaingia juu yake. Utasikia uji. Muziki wa kasi unataka mahali pasipo na kuta: uwanja, uchochoro, ua. Hata besi yake lazima iwe fupi na nyembamba, la sivyo inajikanyaga. Wanaolalamika kwamba singeli haina besi wangekuja siku moja wasimame nami nyuma ya mikseta, wangeona kwamba mtengenezaji ameikata kwa makusudi.

Kwa hiyo nasema, na hili ni langu mwenyewe: reivu ya Uingereza ilivyotoka ghalani kwenda shambani, ilipata ruhusa ya kukimbia. Hadi kufika 1992 mapigo yalikuwa yamepanda sana, na baadaye kidogo jungle, tawi la reivu lenye ngoma za kukatwakatwa, ikafika 160 na zaidi. Rotterdam, Uholanzi, gaba, tekno yao ya kasi na ngumu, ilikaribia 190. Sheria zilipowabana shambani, sehemu kubwa ya mkesha ikarudi ndani, kwenye kumbi zenye leseni, zenye baa, zenye mlinzi mlangoni. Muziki uliotawala humo mwishoni mwa miaka ya 1990 ulirudi kwenye mapigo 130 hivi. Mwenye ukumbi anauza vinywaji, na mtu anayerukaruka kwa 170 hanunui. Wale waliokataa leseni wakavuka bahari na magari yao ya muziki, Ufaransa na kwingineko, wakaendelea na kasi yao.

Berlin ni habari nyingine. Ukuta ulipoanguka 1989 mji ulibaki na majengo yasiyo na mwenyewe wa kueleweka. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani, chini ya ardhi. Kuta nene, paa la chini: sauti ikawa nzito, kavu, ya chuma. Mwaka 2024 Ujerumani ikaiweka tekno ya Berlin kwenye orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Na Tanga? Wazee wetu waliyapitia haya kabla. Mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, Black Star na Lucky Star kwenye taarab. Black Star hawakuiga vyombo vingi vya Unguja. Walikuja na kikundi kidogo, gitaa la umeme na besi, taarab ikawa nyepesi na ya kuchezeka, na sauti ya mwimbaji wao Shakila ikasikika pwani nzima. Tikiti za kumbi zile zililipwa na mshahara wa mkonge, reli na bandari. Mwaka 1964 nchi ilivuna takriban tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa chini ya 30,000, kamba za plastiki zimeshachukua soko. Mishahara ikakauka, kumbi zikapoa. Wanamuziki waliotoka Jamhuri Jazz, akina Kinyonga, walikuwa wameshaondoka zamani, kwanza Arusha kisha Kenya, wakawa bendi ya Simba Wanyika. Kilichobaki huku ni disko, kwa sababu disko ni mtu mmoja na spika zake, halina mishahara kumi ya kulipa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na disko vumbi, akilizungusha Muheza, Maramba na vijiji vya mkonge. Turubai la kuzungushia, jenereta, spika nne, kiingilio kidogo mlangoni, watu wanacheza mpaka wanafanana na udongo. Pale ndipo nilipojifunza kazi. Muziki wa Kongo ukipigwa pale ulikuwa unaongezwa mwendo kidogo kwenye deki, kwa kidole, maana uwanja wenyewe ulikuwa unaitaka kasi.

Baikoko nayo ilipita njia hiyo. Ilikuwa ngoma ya wanawake, ya ndani ya ua, ya harusi, wenyewe kwa wenyewe. Ilipotolewa uani ikapelekwa baa na kumbi za kiingilio, ikageuka, viuno vikawa vya kuonyesha mlipaji, viongozi wakaikemea. Inaniuma, kwa sababu ngoma yenyewe haikuwa na kosa. Ilihamishwa.

Singeli ilikulia Dar, Manzese, Tandale na Mburahati, ikapanda huku na mabasi. Watengenezaji walichukua vipande vifupi vya taarab, fidla au kinanda, wakavizungusha kwa kasi ya mara mbili. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wale wakaenda kupiga Ulaya, mbele ya watoto wa watu waliocheza reivu. Nilipoziona video nilifurahi mpaka nikasimama.

Jambo moja linaninyima usingizi. Sehemu kubwa ya jungle imejengwa juu ya sekunde kama saba za ngoma kutoka santuri ya mwaka 1969 ya The Winstons, alizopiga Gregory Coleman. Zilikatwa, zikaharakishwa, zikatumika kwenye maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki 2006 akiwa fukara, hakulipwa chochote. Mwaka 2015 mashabiki walichanga pauni 24,000 wakampa kiongozi wa bendi. Mpiga ngoma alikuwa ameshakwenda. Nasikia fidla za taarab ya Tanga ndani ya singeli kila wiki. Kijana wangu nimemwambia: ukikata kipande, andika jina la aliyekipiga kwenye daftari, na kama yuko hai tumtafute. Daftari limefika ukurasa wa nne. Wawili tumewapata, wote wazee, mmoja hakuamini kwamba ni yeye mpaka tulipompunguzia mwendo.

Yule mama wa Makorora niliishia kumjibu kwa mkono. Nilipiga meza kwa kasi ya singeli, nikamwomba atikise bega kwa pigo moja, aliache linalofuata. Akafanya. "Kumbe ni chakacha," akasema. Ndivyo mwili unavyofanya: 240 hachezi mtu, kiuno kinachagua nusu yake, 120, na kasi iliyobaki inakuwa ya miguu na vidole.

Jumamosi hii tuko Pongwe, uwanja wa wazi, honi nne, ukuta hata mmoja hakuna. Zamani mjomba alianza taratibu saa mbili na kupandisha mpaka alfajiri. Kijana wangu amesema ataanza na 230 moja kwa moja, kwa sababu kibali chetu kinaishia saa sita.