Kuta za Kanisa la Kale Hazikuwa Mawe Matupu

Haipiti wiki bila mgeni kuingia katika kanisa la parokia la Uingereza ninalolikarabati, akapapasa ukuta wa mawe yaliyo wazi na kusema kwa furaha kwamba hivyo ndivyo walivyouacha wajenzi wa Enzi za Kati. Sivyo hata kidogo. Wajenzi wale walipiga lipu ya chokaa ndani, na mara nyingi nje pia, kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe yasiyochongwa ambayo fundi hakukusudia yaonekane. Juu ya lipu walipaka rangi, na pengine walichora mistari myekundu inayoigiza mawe ya kuchonga, kila jiwe likiwa na ua dogo katikati.

Anayetaka ushahidi na aende katika kanisa la Mtakatifu Thomas, Salisbury, asimame chini ya tao la kuelekea madhabahuni na kuinua macho. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua akihukumu. Upande mmoja wafu wanatoka makaburini, na upande wa pili waliolaaniwa wanaburutwa hadi kinywani mwa dude la jehanamu, akiwemo mwanamke muuza pombe na jagi lake mkononi. Picha hiyo ya karne ya 15 ilifunikwa kwa chokaa mwaka 1593, kwa kuwa Waprotestanti walikataa picha makanisani, na haikufunuliwa kikamilifu hadi mwaka 1881. Chokaa iliyopakwa ili kuificha ndiyo iliyoihifadhi.

Mawe matupu wanayoyasifu wageni kwa kawaida ni kazi ya karne ya 19, warekebishaji walipobandua lipu wakidhani wanarudisha ukale, na pamoja nayo wakatupa picha ambazo hatutaziona tena. William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza, alichukizwa na uharibifu huo hata mwaka 1877 yeye na wenzake wakaunda jumuiya ya kulinda majengo ya kale. Kwa hiyo nawasihi wanaotunza makanisa haya: kabla ya kugusa patasi, mulikeni ukuta kwa kurunzi kutoka ubavuni, hasa kwenye pembe za madirisha. Hapo mara nyingi hubaki kipande cha lipu kisichozidi kiganja, chenye matabaka ya chokaa membamba kama karatasi, na chini kabisa, mstari mwekundu. Na msizibe nyufa kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani hadi jiwe linamenyeka, ilhali chokaa huuacha utoke.

Wengine humtwika Oliver Cromwell, mtawala Mprotestanti wa Uingereza katikati ya karne ya 17, lawama ya kila picha iliyofutwa. Cromwell alizaliwa mwaka 1599, miaka sita baada ya picha ya Salisbury kufunikwa. Ufutaji mkubwa ulianza chini ya mfalme Mprotestanti Edward VI, aliyetawala kuanzia 1547 hadi 1553. Kidirisha cha chini karibu na madhabahu nacho hakikuwekwa kwa ajili ya wakoma, ambao walitengwa na mikusanyiko. Sanamu ya askari aliyelala kaburini miguu ikiwa imepishana haithibitishi kwamba alipigana Vita vya Msalaba, kwani huo ulikuwa mtindo wa wachongaji. Mabenchi nayo yalienea hasa katika karne ya 15. Kabla ya hapo waumini wengi walisimama au kupiga magoti sakafuni, mbele yao ukuta uliojaa picha.