Slapbeki: mwangwi mmoja unaoipa rokabili mwendo wake

Slapbeki ni mwangwi mmoja mfupi unaofuata noti papo hapo, kisha unanyamaza. Haurudi mara ya pili wala ya tatu. Unapiga uzi, "ta", na kabla hujagusa mwingine unasikia "ta" nyingine, hafifu kidogo kuliko ya kwanza. Yeyote anayetaka gitaa lake lisikike kama rokabili ya miaka ya 1950, ule muziki wa Marekani uliochanganya kantri na midundo ya rhythm and blues, aanzie hapo, kabla hajatoa pesa kwa pedali nyingine yoyote, yaani visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa.

Ukitaka kuusikia bila umeme, nenda Eneo la Viwanda la Nairobi Jumapili magari yakiwa machache, usimame mita 20 hivi mbele ya ukuta mrefu wa ghala, upige makofi mara moja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Itakwenda mita 20 na kurudi mita 20, na itakufikia baada ya milisekunde 118 hivi. Ukisogea karibu sana na ukuta, sikio litaunganisha sauti hizo mbili ziwe moja nene. Ukienda mbali sana, mwangwi utajitenga kama mtu mwingine anayekujibu. Slapbeki hukaa katikati, kati ya milisekunde 80 na 150.

Sauti hii ilipata umaarufu katika studio ya Sun mjini Memphis, Marekani. Sam Phillips, mwenye studio hiyo, alipeleka sauti kwenye mashine ya pili ya tepu, ikarekodiwa na kusomwa wakati uleule, kisha akaichanganya na sauti ya awali. Kichwa kinachorekodi na kichwa kinachosoma haviko mahali pamoja, kwa hiyo tepu huchukua muda kutoka kimoja hadi kingine. Ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, na pengo kati ya vichwa likiwa sentimita 5, sauti huchelewa milisekunde 130 hivi.

Kwa nini ilihitajika? Sikiliza rekodi ambazo Elvis Presley alifanya na Sun mwaka 1954. Kuna sauti yake na gitaa la kawaida, gitaa la umeme la Scotty Moore, na besi kubwa ya kusimama ya Bill Black. Mpiga ngoma hayupo. Mwangwi ndio unaojaza nafasi ambayo ngoma ingekaa, na ndio unaoufanya wimbo wa watu watatu usikike kama unakimbia. Baadaye Moore alipata amplifaya iliyoundwa na Ray Butts wa Illinois, yenye tepu ya mwangwi ndani yake, ili aweze kupiga jukwaani sauti ile ya studio. Pedali ya dilei, yaani ya kuchelewesha sauti, unayoiona leo dukani inafanya kazi ileile kwa kisanduku kinachotosha kiganjani.

Pedali nyingi za dilei zina vitufe vitatu vya kuzungusha: muda, marudio na kiwango. Punguza marudio hadi mwisho, usikie mwangwi mmoja tu. Kiwango kianzie nusu, kisha upandishe mpaka mwangwi ukaribie noti yenyewe bila kuifikia. Kitufe cha muda ndicho kinachotaka sikio, na hesabu kidogo husaidia. Wimbo wa rokabili wenye mapigo 180 kwa dakika una milisekunde 333 kwa kila pigo. Gawa kwa tatu, upate 111. Mwangwi ukiangukia hapo, unaingia ndani ya mdundo wa shafo, ule unaogawa kila pigo kwa tatu, na kuusukuma mbele. Wimbo ukipungua hadi mapigo 160, theluthi ya pigo inakuwa 125. Huhitaji kubadilisha kitufe kwa kila wimbo, ila sasa unajua kwa nini mpangilio uleule hukubali wimbo mmoja na kuukataa mwingine.

Wakati wa kununua, watu wengi huvutiwa na pedali yenye muda mrefu kuliko zote. Kwa slapbeki ushauri wangu ni kinyume. Boss DM-2, iliyotoka mwaka 1981, inaanzia milisekunde 20 na kuishia 300, hivyo eneo lote tunalolitaka limeenea vizuri kwenye mzunguko wa kitufe. Pedali inayofika sekunde nzima hulibana eneo hilo kwenye pembe ndogo, na ukikigusa kitufe kwa mguu tu umeshapotea. Pia pendelea dilei ya analogi. Kila mwangwi wake hupoteza kidogo ule ukali wa juu, kama tepu ilivyokuwa ikifanya, kwa hiyo hukaa nyuma ya noti. Ya dijitali hurudisha nakala safi inayoshindana na noti yenyewe. Ukiwa nayo tayari usiitupe. Punguza kiwango, na kama ina kitufe cha toni, izimishe makali.

Jambo la umeme lisipuuzwe. Pedali nyingi hutumia volti 9, na hasi ikiwa katikati ya plagi. Umeme wetu Kenya ni volti 240, na adapta ya zamani iliyoletwa kutoka Marekani huenda imeandikwa 120 peke yake. Hiyo itaungua. Tafuta maandishi ya 100 hadi 240. Ukinunua pedali iliyotumika katikati ya jiji, nenda na gitaa lako na ombi moja: uijaribu kwa betri, kisha kwa adapta. Ikivuma kwa adapta na kutulia kwa betri, tatizo ni adapta.

Kwa alti-kantri mambo yanabadilika. Muziki huu ulijulikana kupitia bendi kama Uncle Tupelo ya Belleville, Illinois, iliyochanganya kantri na panki, na gitaa lake linaruhusiwa kuchafuka. Hapa ovadraivu laini ina nafasi, ile inayoanza kukwaruza unapopiga kwa nguvu na kusafika unapopiga polepole. Tremolo, inayopandisha na kushusha sauti kwa mpigo, huipa nyimbo za polepole huzuni yake, iweke taratibu. Rivabu ya springi, inayoiga mwangwi wa chumba, kidogo inatosha. Kompresa, inayosawazisha noti za nguvu na zile hafifu, ni nzuri kwa anayechomoa nyuzi kwa vidole kwenye gitaa la Telecaster, lakini inaweza kusubiri. Ovadraivu ikae kabla ya dilei, la sivyo utakuwa unachafua noti pamoja na mwangwi wake, na maneno ya gitaa hayatasikika.

Nairobi ina hadhira ya kantri ambayo wageni hawaitarajii, na waimbaji kama Sir Elvis wamejaza kumbi kwa miaka. Mpiga solo wa benga anayeingia kwenye muziki huu ana faida kubwa, kwa sababu mkono wake umeshazoea sauti safi, kali na ya haraka. Lakini noti za benga huja zikiwa zimeshonana, na slapbeki ikiwekwa juu yake mwangwi wa noti moja hugonga noti inayofuata. Kwenye rokabili acha nafasi. Piga noti, iache ijijibu, ndipo uendelee.

Kwa wanaopiga mugithi peke yao, gitaa moja na mashine ya ngoma, mikisa ndogo mara nyingi ina mwangwi wake, na wengi huiacha irudie neno mara nne au tano. Wakifika zamu ya nyimbo za kantri, wapunguze marudio hadi moja na muda uwe mfupi. Presley naye aliimba ndani ya mwangwi huohuo. Kama ukumbi una kuta za simenti na mabati juu, chumba chenyewe tayari kinarudisha sauti, kwa hiyo teremsha kiwango cha pedali kuliko kilivyokuwa nyumbani, na umwombe mtu asimame mlangoni akuambie kama bado anaisikia noti ya kwanza.