Ulanzi si gongo

Tangu viroba vipigwe marufuku Machi 2017, wapo Iringa wanaoamini kila pombe ya kienyeji ni kosa kisheria. Siyo. Marufuku ile ilihusu pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki. Gongo ni kesi nyingine: huchemshwa, mvuke wake ukakingwa, na kuipika bila leseni ni kosa.

Ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, hauoni moto kabisa. Masika, mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kutega mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu), kisha asubuhi na jioni hurudi kukwangua ncha hiyo kidogo ili utomvu usikauke. Ukinywewa mbichi ni mtamu tu. Ukilala, huchacha wenyewe (na hapo usijidai shujaa). Kuuuza kilabuni ni halali, mradi uwe na leseni na ufuate saa zilizowekwa.