Pima upepo kwanza, ndipo ulilaumu gari

Mimi hujaribu magari na kuandika nilichokiona, na kuna siku nusura nilichafulie gari jina bila kosa lake. Nilikabidhiwa likiwa jipya kabisa, viti bado vina nailoni, nikalitoa kwenye barabara ya Morogoro. Kufika Kibaha kiuno kilikuwa kimeshachoka. Kila rasta ilinigonga, kila kiraka cha lami kilijibu kwenye usukani. Kichwani nilikuwa nimeshaandika sentensi ya kwanza: springi ngumu kama za lori tupu. Mlandizi nikaingia sheli kupima upepo, kwa mazoea tu. Tairi zote nne zilisoma psi 48. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kilisema 33.

Sababu inajulikana. Magari yanayosafirishwa kwa meli hujazwa upepo mwingi ili tairi zisiharibike umbo zikikaa wiki kadhaa bila kuzunguka. Mengine huwekewa hata vipande vya kuzuia springi zisicheze. Kabla ya mteja kukabidhiwa, fundi anatakiwa kuvitoa na kushusha upepo, na kwa lile gari hakuna aliyekumbuka. Nikapunguza hadi 33, nikarudi barabarani: gari jingine kabisa. Tangu siku hiyo kipimo cha upepo kinakaa mfukoni mwangu, na siamini majaribio ya kuzungusha gari mtaa wa nyuma wa yadi. Kila gari la kujaribu nalipeleka Iringa, kama kilomita 500 kutoka Dar.

Kuhusu sura sina maneno mengi, macho ni yako. Rimu tu ndizo zinazonikera. Soma namba za ubavuni mwa tairi. Kwenye 195/80R15, 195 ni upana kwa milimita, na 80 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu: milimita 156 za mpira na upepo kati ya rimu na shimo. Kwenye 225/40R18 zinabaki 90. Rimu kubwa inapendeza pichani, lakini ule ubavu uliopunguzwa ndio uliokuwa godoro lako.

Raha siipimi mwenyewe. Dereva ana usukani wa kushika, na tuta analiona kabla halijamfika. Mwenye ukweli ni aliyekaa nyuma, kwa hiyo nambeba shangazi, ambaye ana ndugu Iringa na magoti yanayomsumbua. Simwulizi kitu, namtazama anavyopanda. Akigeuka na kukaa kwanza, kisha akaingiza miguu, kimo cha kiti ni sawa. Akishika nguzo ya mlango na kuvuta pumzi, naandika. Halafu Mikumi, barabara inapokatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, matuta kwa matuta, nasikiliza mazungumzo yake. Gari lenye shokapu nzuri hupanda tuta, hushuka, hutulia. Lenye shokapu mbovu huendelea kunesa, na shangazi ananyamaza katikati ya habari za harusi ya watu. Safari moja alinyamaza hadi Ruaha Mbuyuni, akashuka, akajinyoosha: "Mwanangu, gari zuri. Tukirudi nitapanda basi."

Wanaonisimamisha huuliza sekunde za kutoka 0 hadi 100. Sijui nani huku kwetu anaanza na sifuri. Mimi napima 60 hadi 100, maana ndiyo kazi ya kila siku: uko nyuma ya semi-trela, kijiji chenye kibao cha 50 kimeisha, unataka kupita. Tuseme lori linakwenda 60 na wewe 90. Ukianza mita 20 nyuma yake, lenyewe lina urefu wa kama mita 20, na unarudi upande wako ukiwa mita 20 mbele, unahitaji sekunde 7 na ushee. Katika sekunde hizo umekula mita 180 za barabara, na anayekuja mbele kwa 90 amekula 180 nyingine. Hapo tayari uko kwenye 90. Gari linalosita kabla ya kushusha gia linakuongezea mita ambazo huna.

Mlima Kitonga, ule mpando mkali wa kona kabla ya Iringa, ndio unaosahihisha mtihani. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Dar. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, basi, na nguvu hupungua kwa kiasi hichohicho. Suzuki Jimny ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi 102 kwenye karatasi, huko juu inabaki na kama 85, na otomatiki yake ni ya gia nne tu. Injini inalia, malori yanakusubiri. Mwenye tabo hasikii sana, kwa sababu tabo inaisukumia injini hewa.

Kurudi ni zamu ya breki. Nashusha gia ndogo kama inavyotakiwa, lakini kwenye kona chache za mwanzo nafunga breki makusudi, hakuna gari nyuma yangu, nione kama pedali inazama kuliko ilivyokuwa kileleni. Chini nasimama pembeni na kunusa matairi, nione kama breki zimeungua. Watu hunishangaa.

Mbuyuni tunanunua vitunguu, na hapo ndipo buti linapojulikana. La Jimny ya milango mitatu ni lita 85 viti vya nyuma vikiwa wima. Gunia halikuingia hadi tulipolaza kiti kimoja, na shangazi akahamia mbele, kwenye kiti alichokuwa akikitaka tangu Dar.