Je, wajua kwa nini kifaa cha dola 50 kinaweza kuipima antena kwa ukweli?

Mwaka 1967 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa mashine iliyoitwa 8410. Kazi yake ilikuwa kupeleka mawimbi ya redio kwenye kifaa chochote unachokichunguza, kisha kueleza kiasi gani kimepita, kiasi gani kimerudi, na kilichorudi kimechelewa kwa kiasi gani. Mashine za aina hiyo, zinazojulikana kwa kifupi VNA (kwa Kiingereza vector network analyzer), zilibaki kwa miongo kadhaa kuwa mali ya maabara za viwanda na vyuo vikuu. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na kidude kinachoingia kwenye mfuko wa shati, chenye kioo cha kugusa na betri ya kuchaji, kwa bei ya takriban dola 50 za Marekani. Kinaitwa NanoVNA. Kilibuniwa na mhandisi wa Japani anayejulikana kwa jina la edy555, na mwaka 2019 matoleo yaliyotengenezwa China yakakisambaza dunia nzima. Waliokipokea kwa mikono miwili ni watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni na herufi zao za mwito, wanaojifungia antena wenyewe juu ya paa.

Bei imeshukaje hivyo na kipimo bado kikaaminika? Vipuri vyake ni vya kawaida kabisa, vingine havikutengenezwa kwa kazi hii. Kinachokifanya kiaminike ni hesabu, na hesabu hiyo unaianzisha wewe mwenyewe kila unapokaa kupima.

Kwanza, kinapima nini? Redio nyingi za ridhaa na kebo zake zimetengenezwa kwa omu 50. Antena nayo ikionekana kama omu 50 tupu, nguvu yote inayofika mwisho wa kebo inaingia kwenye antena. Isipolingana, sehemu inageuka na kurudi ilikotoka. Dipoli ya nusu wimbi, yaani antena ya waya ulionyooka unaolishwa katikati, ikiwa mbali na ardhi na majengo ina omu 73 hivi pale inapoitika. Ukiiunganisha na kebo ya omu 50, asilimia 3.5 ya nguvu inarudi, na SWR, namba inayoonyesha kutolingana (1 ni kulingana kikamilifu), inasomeka karibu 1.5. SWR ikifika 2, kinachorudi ni asilimia 11. Ikifika 3, ni robo nzima.

Mita ya kawaida ya SWR inakupa namba hiyo moja na kuishia hapo. Chukua antena mbili, moja ya omu 100 na nyingine ya omu 25. Zote zitasoma SWR 2, ingawa moja inahitaji kushushwa na nyingine kupandishwa, na mita haina njia ya kukuonyesha ipi ni ipi. NanoVNA inayo, kwa sababu mbali na ukubwa wa wimbi lililorudi inapima pia fezi yake, yaani limepishana kiasi gani na lile lililotumwa. Kwa omu 100 wimbi linarudi likiwa sambamba na lililokwenda, na kwa omu 25 linarudi limepinduka. Ukubwa na fezi vikishikwa pamoja ndiyo vekta yenyewe, na ukishakuwa navyo vingine vyote vinakokotolewa: ukinzani, riaktansi (sehemu ya upinzani inayohifadhi nguvu na kuirudisha badala ya kuitumia), SWR, hata hasara ya kebo.

Ndani ya toleo la mwanzo kuna chipu ya Si5351, iliyokusudiwa kuwa saa ya vifaa vya kidijitali. Inatoa mapigo ya mraba kwenye masafa unayoiagiza. Mapigo hayo yanapita kwenye daraja la rezista lenye kazi ya kutenganisha kinachokwenda na kinachorudi. Kisha chipu tatu za SA612, ambazo mafundi wa redio za kujitengenezea wamezizoea kwa miaka mingi, zinayashusha mawimbi hadi kilohezi chache: moja inashughulika na lililotumwa, ya pili na lililorudi, ya tatu na lililopita hadi soketi ya pili.

Hapo pa kushusha ndipo ninapopapenda kuliko pote. Wimbi la megahezi 144 haliwezi kunaswa vizuri na chipu ya bei ndogo, lakini wimbi la kilohezi 5 liko ndani ya uwezo wa sikio la binadamu, na chipu za kurekodi sauti, jamaa wa zile zilizomo kwenye vifaa vya muziki, zinalipima kwa usahihi mkubwa na kwa bei ya chini. Kushusha masafa hakuharibu uhusiano wa ukubwa na fezi kati ya mawimbi hayo. Kwa hiyo mbuni alikwepa sehemu iliyokuwa ghali kuliko zote na kuikabidhi kazi hiyo chipu ya sauti. Zaidi ya hapo, kifaa hakihitaji kujua kimetuma nguvu kiasi gani hasa. Kinagawanya kilichorudi kwa kilichotumwa. Mapigo yakidhoofika kidogo kwa sababu ya joto, vyote viwili vinashuka pamoja na jibu linabaki palepale.

Kuna ujanja mwingine kwenye masafa ya juu. Si5351 inatumika hadi megahezi 300, lakini kifaa kinasoma hadi 900. Inawezekanaje? Wimbi la mraba hubeba ndani yake wimbi jingine lenye masafa mara tatu, likiwa na theluthi moja ya ukubwa wa lile la msingi. NanoVNA inalitumia hilo la pembeni kana kwamba ndilo lililotumwa. Gharama yake ni unyeti: chini ya megahezi 300 kinaweza kuona tofauti ya desibeli 70 hivi (desibeli hupima uwiano wa nguvu, kila 10 ni mara kumi), na juu ya hapo uwezo huo unapungua. Kwa antena ya megahezi 430 hilo halikusumbui hata kidogo. Kwa kichujio kinachotakiwa kuzuia desibeli 80, utakachokiona chini ya mchoro ni kelele za kifaa chenyewe.

Tufike kwenye kalibresheni, ambayo kwangu ndiyo nusu ya kifaa. Daraja la bei nafuu halitenganishi kikamilifu, soketi zina kasoro, vipande vya waya vya ndani vinachelewesha wimbi. Lakini kasoro hizi zina sifa moja njema: hazibadiliki kutoka dakika moja hadi nyingine. Kasoro isiyobadilika inaweza kupimwa na kutolewa, kama muuza samaki anavyopima beseni tupu kwanza ili asimuuzie mteja beseni. Ndiyo maana kwenye boksi mnakuja vifuniko vitatu vidogo vya rangi ya dhahabu. Kimoja kiko wazi, cha pili kimepigwa shoti, cha tatu kina rezista ya omu 50. Tayari inajulikana kila kimoja kinapaswa kurudisha nini: kilicho wazi kinarudisha wimbi lote, cha shoti kinalirudisha lote likiwa limepinduka, na cha omu 50 hakirudishi kitu. Kifaa kinalinganisha kilichopaswa kuonekana na kilichoonekana, hatua kwa hatua ya masafa, na kutokana na majibu hayo matatu kinazikokotoa kasoro zake tatu za upande wa kurudi na kuziondoa kwenye kila kipimo kinachofuata.

Kutokana na hili, pale ulipofunga vile vifuniko ndipo kipimo chako kinapoanzia. Ukivifunga kwenye soketi ya kifaa halafu ukaongeza kebo ya mita 15, unachopima ni antena na kebo kwa pamoja. Ukitaka antena peke yake, vifuniko vifungwe mwisho wa kebo, kule inakokutana na antena. Na ukibadili masafa unayoyapima, fanya kalibresheni upya. Toleo la mwanzo lina nukta 101 tu kwenye kila mchoro, na nukta zilizopimwa kati ya megahezi 1 na 900 hazina habari ya kutosha kuhusu kile kipande kifupi cha megahezi 7.0 hadi 7.2 unachokitaka.

Kazi yenyewe sasa. Kanuni ya zamani inasema dipoli ya nusu wimbi ina urefu wa mita 143 ukigawanya kwa megahezi. Kwa 7.1 hiyo ni mita 20.1. Waya wa umeme wa duka la hadwea una ganda la plastiki, na ganda hilo linaufanya waya uitike chini zaidi, kwa hiyo urefu wa mwisho utakuwa mfupi kwa asilimia chache. Bado ni vizuri kuanza na waya mrefu, kwa sababu kukata ni rahisi kuliko kuunga. Tuseme umefunga mita 20.8 na riaktansi inapita sifuri, yaani antena inaitika, kwenye megahezi 6.85. Zidisha 20.8 kwa 6.85, gawanya kwa 7.1, unapata takriban mita 20.07. Unatakiwa kupunguza sentimita 73, yaani 36 na ushee kila upande. Mimi ningekata robo tatu ya hizo, nikapandisha, nikapima tena. Alama ya riaktansi nayo inakuongoza bila hesabu: ikiwa hasi kwenye masafa unayoyataka, antena ni fupi, ikiwa chanya, ni ndefu.

Lakini msomaji wangu, usiitegemee SWR peke yake, hasa ukiwa mtu wa pwani. Hewa ya chumvi na maji ya mvua yakiingia kwenye kebo iliyozibwa vibaya, hasara inapanda, na hasara inapendezesha namba. Chukua kebo inayopoteza desibeli 3, mwisho wake usiunganishwe na kitu. Wimbi linapoteza nusu ya nguvu likienda, linarudi lote, linapoteza nusu tena. Chini, mita inasoma SWR 3, na hakuna antena kabisa! Kebo ikioza zaidi, SWR inazidi kupungua na mtu anaamini mambo ni mazuri. Kabla ya kulaumu au kusifu antena yoyote, acha mwisho wa juu wa kebo wazi, pima kilichorudi, gawanya desibeli kwa 2, na hiyo ndiyo hasara ya safari moja.

Kifaa hichohicho kinaweza kukuonyesha kebo imekatika umbali gani, kwa kugeuza vipimo vya masafa kuwa vya muda. Hapa watu wengi wanakwama kwa sababu ya zile nukta 101. Kebo ya RG-58 ya plastiki nzito hupitisha wimbi kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga. Ukipima hadi megahezi 900, hatua kati ya nukta ni megahezi 9, na umbali unaoweza kuonekana bila kujirudia ni mita 11 tu. Punguza hadi megahezi 200 na unaona takriban mita 50, ingawa kwa undani mdogo zaidi. Chagua kwa urefu wa kebo yako.

Ukishika kebo kwa mkono na mchoro ukatikisika, kalibresheni haina kosa hapo. Mkondo unatembea juu ya ganda la nje la kebo, na kebo imegeuka sehemu ya antena. Choki ya feraiti, yaani pete ya sumaku inayozuia mkondo huo, ikifungwa karibu na mahali antena inapounganishwa hutuliza hali hiyo. Pima tena baada ya kuifunga, kwa sababu namba za awali zilikuwa za antena nyingine.

Kuna jambo moja la kulinda kama mboni ya jicho. NanoVNA hutuma chini ya miliwati moja, na soketi zake hazijaandaliwa kupokea nguvu. Usibonyeze kitufe cha kurushia kwenye redio iliyounganishwa nayo, wala usiiunganishe na antena wakati redio nyingine inarusha karibu yake. Waya mrefu ulioning'inia siku ya upepo mkavu au yenye radi ya mbali hukusanya chaji. Gusanisha kiini na ganda la plagi kwanza, chaji itoke, ndipo uunganishe.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna sababu mahususi ya kuangalia toleo unalonunua. Setilaiti ya QO-100, inayopokea na kurusha upya mawasiliano ya redio ya ridhaa, iliyorushwa Novemba 2018 na kusimama juu ya nyuzi 26 mashariki, inaonekana saa zote kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Maskati. Kuipandishia sauti kunahitaji antena ya gigahezi 2.4, nje kabisa ya uwezo wa NanoVNA ya mwanzo. NanoVNA V2 inafika gigahezi 3, na LiteVNA gigahezi 6.

Utajuaje kama kifaa chako kinasema kweli leo? Fungua chati ya Smith, ile duara iliyochapishwa na Phillip Smith wa Bell Labs mwaka 1939, ambayo Mjapani Tosaku Mizuhashi alikuwa ameifikia mwaka 1937. Katikati ni omu 50, ukingo ni wimbi lililorudi lote. Baada ya kalibresheni, funga kipande kifupi cha kebo nzuri kilichoachwa wazi upande wa pili. Mstari unapaswa kuzunguka karibu na ukingo, ukiingia ndani polepole kadiri masafa yanavyopanda. Kebo haiwezi kurudisha zaidi ya ilichopewa. Mstari ukitoka nje ya duara, kifuniko kimoja hakikukazwa au umekosea mpangilio wa vifuniko. Futa kalibresheni hiyo na uanze upya.